Kitabu cha Mzee Rukhsa na daftari la babu

Mei 8, 2021, siku Mzee Ali Hassan Mwinyi alipotimiza miaka 96, kilizinduliwa kitabu cha maisha yake, Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu. Mgeni rasmi alikuwa Rais Samia Suluhu Hassan. Kimeandikwa kwa Kiswahili, hivyo hata mwanafunzi wa Maguu anaweza kumsomea bibi yake.

Mzazi, kuna jambo moja la kumsimulia mwanao. Miaka ya 1970, Mwinyi akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watuhumiwa walifia mikononi mwa polisi mkoani Shinyanga. Hakuwagusa yeye, lakini aliwajibika, akajiuzulu. Mwaka 1985 akawa Rais.

Mzee Mwinyi alifariki Februari 29, 2024. Saini yake hatuipati tena, ila maneno yake yamebaki.

Babu wa nyumbani je? Anajua ngoro zilivyochimbwa na kahawa ilivyosomesha watoto, lakini hajaandika. Jioni hii mpe mtoto daftari, akaulize: “Babu, lini uliwajibika kwa jambo gumu?” Aandike, kisha babu atie saini, au dole gumba.