“Ni kweli” au “Si kweli”: Neno la mshtakiwa mbele ya hakimu



Ndugu msomaji, usiku mmoja baada ya swala ya Isha alinifuata mzee mmoja wa mtaani kwetu, akaketi karibu nami, akanyamaza kitambo. Kijana wake alikuwa mahabusu kwa tuhuma ya kuiba baiskeli ya jirani, na asubuhi yake angepandishwa kizimbani. “Sheikh,” akasema, “mwanangu aliichukua ile baiskeli, lakini ana mazoea ya kuiazima. Wapo wanaomshauri aseme ‘ni kweli’ ili mambo yaishe upesi, na wapo wanaomwambia akane. Naye anaogopa kusema uongo. Afanye nini?”

Swali hili si la mzee yule peke yake. Familia zetu nyingi likizifika jambo kama hili huwa hodari wa kuomba dua na kuchangishana fedha, lakini hazijui kinachotendeka mahakamani. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya safari ya mshtakiwa kwa mujibu wa sheria za Tanzania Bara, na hasa juu ya neno lile moja analoulizwa siku ya kwanza.

Kituoni

Safari huanzia polisi. Mtu aliyekamatwa ana haki ya kuelezwa kosa analotuhumiwa, na kabla ya kuhojiwa aambiwe kwamba halazimiki kujibu maswali juu ya tuhuma hiyo. Ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa msingi wa kumhoji ni saa 4, nao waweza kuongezwa kwa muda usiozidi saa 8. Maelezo yanayoandikwa pale yaweza kutolewa mahakamani kama ushahidi. Kwa sababu hiyo, asitie saini karatasi asiyoisoma au kusomewa, na kama kuna neno si lake, aseme palepale.

Kizimbani

Mahakamani husomwa hati ya mashtaka. Humo mna jina la kosa, kifungu cha sheria, na maelezo ya lini, wapi na namna gani kosa linadaiwa kutendeka. Anayeshtaki ni Jamhuri, wala si jirani. Jirani ni shahidi tu. Ndiyo maana watu wawili waweza kupatana msikitini, na kesi ikaendelea mahakamani mpaka iondolewe kwa utaratibu wa sheria.

Kisha mshtakiwa huulizwa: ni kweli au si kweli? Akisema “ni kweli”, na akakubali maelezo ya tukio yanayosomwa baadaye, hutiwa hatiani bila shahidi hata mmoja kuitwa. Zaidi ya hayo, mlango wa rufani hubanwa: aliyekiri huruhusiwa kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu tu, isipokuwa aoneshe kwamba kukiri kwake kulikuwa na utata au hakuelewa, au kwamba hati yenyewe haikuonesha kosa. Kwa neno hilo moja waweza kufunga mlango ambao wakili hodari hataufungua.

Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri lililotoka Kenya, iliweka utaratibu ambao mahakama zetu huufuata hadi leo. Shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, pamoja na kila kipengele cha kosa. Akikiri, asomewe maelezo ya tukio na apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza lake. Akiongeza neno linaloonesha kwamba hakutenda kosa, hakimu aandike kuwa amekana.

Jambo hili si geni kwetu. Maiz (R.A.) alipomjia Mtume (S.A.W.) kukiri kosa zito, Mtume alimgeuzia uso mpaka alipokiri mara ya nne, kisha akauliza kama ana wazimu, na akahakikisha kwamba anaelewa maana ya alilolitamka. Iwapo Mtume alifanya hadhari kiasi hicho na mtu aliyekuja kwa hiari yake, vipi sisi tumhimize kijana akiri kosa asilolielewa, kwa kuwa tu tumechoka kwenda mahakamani?

Je, kukana ni uongo?

Hapa ndipo palipomkwama kijana yule. Wizi katika sheria si kuchukua tu. Ni kuchukua mali ya mwenzio bila haki na kwa nia mbaya. Aliyechukua akiamini ana ruhusa hakuiba, na akisema “ni kweli” ndipo anapojishuhudia uongo. Basi na aseme ukweli wake kwa maneno yake: “Niliichukua, lakini kwa mazoea ya kuazima.” Hakimu ataandika kuwa amekana. Na anayenyamaza kimya pia huandikiwa kuwa amekana, wala kunyamaza huko si kukiri. Kukana maana yake ni kumtaka mwenye kudai alete ushahidi, na Uislamu nao umeweka mzigo wa ushahidi juu ya mwenye kudai. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13, inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia.

Ama aliyetenda kosa kwa hakika, akalielewa, akakiri kwa toba na kurudisha haki ya mwenyewe, huyo amefanya jambo la heshima, na mahakama huweza kulizingatia katika kumpunguzia adhabu.

Baada ya kukana

Huulizwa habari ya dhamana. Dhamana ni ahadi ya kurudi mahakamani. Haiuzwi, na anayeitozea fedha mfukoni mwake anakula haramu. Yapo makosa yasiyo na dhamana, kama mauaji, uhaini na unyang’anyi wa kutumia silaha. Na anayeshtakiwa kwa mauaji, katika mahakama ya chini hatakiwi kujibu chochote, kwa kuwa shauri hilo ni la Mahakama Kuu.

Hufuata usikilizwaji wa awali, kisha mashahidi wa upande wa mashtaka, ambao mshtakiwa ana haki ya kuwauliza maswali. Kijana wetu aliuliza swali moja tu: “Je, nimewahi kuazima baiskeli yako?” Jirani akajibu, “Mara nyingi.” Upande wa mashtaka ulipofunga ushahidi wake, hakimu aliona hana kesi ya kujibu, akamwachia huru. Si kila kesi huishia hivyo. Anayeonekana ana kesi ya kujibu hupewa nafasi ya kujitetea na kuita mashahidi wake. Akitiwa hatiani na mahakama ya wilaya, atoe notisi ya kukata rufani ndani ya siku 10, na rufani yenyewe ndani ya siku 45 tangu apate nakala za hukumu na mwenendo wa kesi.

Enyi wazazi, asiye na uwezo wa wakili aulizie msaada wa kisheria, uliowekewa sheria yake mwaka 2017. Na mnapomtembelea mtoto mahabusu, pamoja na chakula na dua mpelekeeni maneno haya: sikiliza shtaka mpaka mwisho, usipoelewa, omba lirudiwe, kisha sema ukweli wote, si nusu yake.