Simba wa Kutumwa: Ni Nani Amtumaye?

Wasomaji wetu wa Mandawa, twasema Mandawa ya upande wa Ruangwa na Nachingwea wala si ile ya Kilwa, bila shaka wamepata kusikia habari ya simba wa kutumwa. Husemwa ya kuwa simba alaye watu si mnyama wa porini kama wengine, bali ametengenezwa kwa dawa, au ni mtu aliyejigeuza. Na ya kuwa yuko mtu kijijini amtumaye kwa kisasi au kwa wivu. Habari hii si ya kuchekwa. Waisemao ni watu wenye akili, waliolima na kuzeeka katika nchi ambamo simba ni jambo la kweli, na baadhi yao wamezika ndugu zao. Lakini yafaa tuiulize kama aulizwavyo shahidi barazani: Umeyajuaje?

Shahidi hujibu kwa dalili. Simba alipita nyumba kumi akamchukua mtu wa nyumba ya kumi na moja. Nyayo zake zilifuatwa, zikatoweka. Alipigwa risasi, hakufa. Alimwua mtu, asimle. Hizi zote ni dalili za kweli, nasi hatusemi kwamba hazikuonekana. Twauliza tu kama hazina maana nyingine. Simba hutafuta aliye peke yake: aliyetoka usiku kwenda chooni, aliyelala nje kwa sababu ya joto, aliye ndani ya kibanda chenye mlango wa majani. Nyayo hupotea zifikapo penye ardhi ngumu au majani makavu, na hata nyayo za ng'ombe hupotea hivyo hivyo. Bunduki kuukuu mkononi mwa mtu anayetetemeka gizani hukosa. Na simba aliyefukuzwa kwa kelele na mienge huacha windo lake kabla ya kulionja.

Shida ya habari ya kutumwa ni kwamba haikubali kushindwa. Simba akifa kwa risasi, watasema dawa yake imekwisha. Asipokufa, dawa yake ni kali. Akirudi, mwenyewe hajaridhika, asiporudi, ameridhika. Basi, ikiwa kila litokealo laithibitisha, hatuna njia ya kujua kama ni kweli au si kweli, na mtu aliyetajwa kuwa ndiye mwenye simba hana neno hata moja la kujitetea.

Husemwa tena: Marehemu aligombana na mzee fulani siku chache kabla ya kufa. Hapa twaomba walimu watusaidie kwa zoezi jepesi la hesabu. Mwalimu na aandike, bila kutaja majina, ni watu wangapi kijijini waliogombana na jirani katika mwezi mmoja: mpaka wa shamba, mbuzi aliyekula mihogo, deni la ufuta, maneno ya kisimani. Atajaza daftari. Kisha ahesabu ni wangapi katika hao waliokamatwa na simba. Magomvi yasiyofuatwa na msiba husahauliwa upesi, na lile moja lililofuatwa na msiba hukumbukwa miaka arobaini.

Sasa tutazame watu waliohesabu sawasawa. Mwaka 2005 mtaalamu wa simba Craig Packer wa Marekani, pamoja na Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, na mwenzao Hadas Kushnir, walitoa katika jarida la Nature hesabu ya mashambulio ya simba katika Tanzania. Tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 na kujeruhi wasiopungua 308. Misiba mingi ilikuwa huku kwetu kusini, tena wakati wa mavuno. Wataalamu hao walijiuliza: Kwa nini mavuno? Kwani kama simba hutumwa kwa sababu ya wivu na kisasi, wivu hauna msimu.

Jibu walilipata kwa nguruwe mwitu. Mahali ambapo swala na nyati wamekwisha, nguruwe mwitu hubaki, kwa maana yeye hula mihogo na mahindi yetu na kunenepa. Mkulima asipokesha shambani atavuna mabua. Basi huhamia shambani na watoto, akalala ndani ya dungu au kibanda kisicho na ukuta wa maana. Simba naye humfuata nguruwe. Huja shambani kwa ajili ya windo lake la kawaida, akamkuta mwanadamu amelala hatua chache kutoka hapo. Ukitaka kumjua amtumaye simba shambani, anza kutazama nyayo za nguruwe.

Jambo la pili ni la mwezi, nalo latupendeza sana, kwa kuwa laonyesha kwamba hofu ya wazee haikuwa bure. Mwaka 2011 Packer na wenziwe walichunguza mamia ya mashambulio yaliyotokea vijijini kati ya mwaka 1988 na 2009, wakayalinganisha na kalenda ya mwezi. Waliona kwamba katika siku kumi baada ya mwezi mpevu mashambulio huwa mara mbili hadi nne kuliko siku kumi zilizotangulia, na mengi hutokea kati ya saa kumi na mbili jioni na saa nne kasorobo usiku. Wengine wangesema: Kumbe ni kweli, mchawi hungoja giza! Lakini sababu iko wazi kwa kila atazamaye mbinguni. Usiku wa mwezi mpevu mwezi huchomoza jua linapotua, na kila usiku ufuatao huchelewa kiasi cha dakika 50. Usiku wa tano huchomoza karibu na saa nne na nusu. Basi saa zile ambazo watu bado wanatembea, wanapika na kuteka maji huwa za giza tupu. Naye simba ana njaa, kwani katika mbalamwezi za siku zilizopita wanyama walimwona mapema wakamkimbia.

Wengine watatukumbusha habari za Njombe. Huko simba waliwaua watu wengi mno kati ya mwaka 1932 na 1947. Watu walisema hutumwa na Matamula Mangera, jumbe aliyeondolewa katika cheo chake. Bwana Nyama, George Rushby, aliwaua simba kadhaa, na katika muda ule ule Mangera akarudishiwa cheo. Vifo vilikoma. Ni nani aliyevikomesha? Watu wengi walisema ni kile cheo. Mambo mawili yakitokea pamoja hatuwezi kuyatenga kwa kuyatazama tu. Lakini twajua kwamba simba aliyekufa hali mtu, nasi hatujui kwamba simba husoma barua ya kumrudisha jumbe kazini. Huko Tsavo mwaka 1898 wajenzi wa reli walisema simba wawili waliowala wenzao ni mizimu ya machifu waliokufa. Mizimu hiyo iliuawa kwa bunduki Desemba ya mwaka huo, na leo ngozi zake zimo katika jumba la makumbusho la Chicago. Mmoja wao alikuwa na jino lililovunjika lenye jipu. Na simba wa Rufiji aliyeua zaidi ya watu 30 kati ya mwaka 2002 na 2004, naye alikutwa na jipu katika gego. Si kila simba mla watu ana jino bovu, lakini hawa walikuwa na miili ya kuugua na ya kufa.

Hatungeandika maneno mengi hivi kama lingekuwa jambo la mazungumzo ya jioni tu. Ng'ambo ya Ruvuma, katika wilaya ya Muidumbe nchini Msumbiji, simba waliua watu wengi mwaka 2002 na 2003, na wanavijiji wakawageukia wenzao waliodhaniwa kuwa wenye simba, wakawaua kadhaa. Misiba ikawa miwili, na simba hakupungua hata mmoja. Kwetu Tanzania, Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu mwaka 1928, yafanya kuwa kosa kumtaja mtu kuwa mchawi. Basi mkubwa wa kijiji aletewaye jina la mtu na alikatae, na aulize nyayo ziko wapi.

Mavuno yajayo mwalimu aweza kuandika ubaoni tarehe za mwezi mpevu za Machi, Aprili na Mei, na kuzipigia mstari siku kumi zifuatazo kila moja. Katika siku hizo watoto wasilale dungu, maji yatekwe kabla ya jua kutua, na aendaye chooni usiku asiende peke yake wala bila taa. Nyayo zikionekana, zifunikwe kwa sufuria au beseni zisifutike, na afisa wanyamapori wa wilaya apelekewe habari asubuhi ile ile.