Zakir Hussain na safari ya tabla hadi kwenye okestra

Juma hili tunaiangalia tabla, ngoma ya India, na namna marehemu Zakir Hussain alivyoiketisha mbele ya okestra ya muziki wa kimagharibi, mahali ambapo ngoma kwa kawaida huwekwa nyuma kabisa.

Kwanza tuondoe utata wa jina, hasa kwa wasikilizaji wetu wa Muscat na Dubai. Waarabu wengi wakisema tabla humaanisha darbuka, ngoma moja yenye kiuno chembamba. Tabla ya India ni ngoma mbili: ndogo ya mti, iitwayo dayan, ya mkono wa kulia, na kubwa ya madini, iitwayo bayan, ya mkono wa kushoto. Wapenzi wa taarab ya Mombasa hawahitaji maelezo marefu, kwani wameizoea katika nyimbo za marehemu Juma Bhalo.

Siri yake imo katika doa jeusi lililopakwa juu ya ngozi, mchanganyiko wa unga wa chuma na uji mzito wa wanga. Ngoma nyingi hutoa kishindo kisicho na noti bayana. Doa hilo huirekebisha mitetemo ya ngozi hata dayan ikaimba noti safi, karibu kama uzi wa gambusi. Mwanafizikia C. V. Raman, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1930, aliliandikia jambo hilo tangu mwaka 1920.

Tabla hufundishwa kwa mdomo. Kila pigo lina silabi yake, dha, dhin, tin, na, na mwanafunzi huzitamka kabla vidole havijagusa ngozi. Zakir Hussain, aliyezaliwa Mumbai mwaka 1951, alipenda kusimulia kwamba alipoletwa nyumbani akiwa kichanga, baba yake, Ustad Alla Rakha, alitakiwa kumsomea dua sikioni. Badala yake akamnong'oneza silabi za tabla. Mama alipokasirika, baba akajibu kuwa hiyo ndiyo dua yake.

Sasa fikiria mwanamuziki wa malezi hayo akikutana na watu wapatao themanini ambao kila mmoja ana karatasi ya noti mbele yake. Mpiga tabla huhesabu mzunguko, mathalani ule wa tintal wenye mapigo 16, na ndani yake hubuni papo hapo, mradi arejee salama kwenye pigo la kwanza. Okestra haiwezi kumngojea. Isitoshe, dayan huwambwa kwa noti moja, kwa kugongwa nyundo ndogo ukingoni, ilhali okestra huhama ufunguo mara kwa mara. Hivyo mpigaji hulazimika kuwa na dayan kadhaa zilizokwisha kuwambwa.

Zakir hakuanzia hapo. Mwaka 1973 aliunda kundi la Shakti pamoja na mpiga gitaa Mwingereza John McLaughlin, na mwaka 1991 alishiriki katika albamu ya Planet Drum ya Mmarekani Mickey Hart. Mwaka 2006, yeye, Béla Fleck wa banjo na Edgar Meyer wa besi walipiga na okestra ya Nashville tungo waliyoitunga kwa pamoja. Kisha mwaka 2015 ikaja Peshkar, tungo yake mwenyewe kwa tabla na Okestra ya Simfoni ya India.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake ya ujasiri zaidi. Watunzi wengi wa kimagharibi wameitumia tabla kama bizari, kuongeza rangi tu. Katika Peshkar okestra ndiyo inayofuata fikra ya mpiga tabla: jina lenyewe ni la sehemu ya ufunguzi wa onyesho la tabla pekee, pale mpigaji anapolifungua wazo lake polepole. Wanaokestra walisoma noti zao, naye akabaki na nafasi za kubuni.

Februari 2024 alitunukiwa Grammy tatu kwa usiku mmoja. Tarehe 15 Desemba mwaka huohuo alifariki dunia mjini San Francisco, akiwa na umri wa miaka 73. Karatasi za okestra zipo. Zile nafasi za kubuni, atakayekalia kiti chake itambidi azijaze kwa yale aliyotamkiwa na mwalimu wake mwenyewe.