Samaki Mgeni wa Mito ya Mlimani

Wako samaki wavuliwao kwa ajili ya tumbo, na wako wavuliwao kwa ajili ya starehe. Trauti wa mito ya Nyandarua na Mlima Kenya amewekwa tangu zamani katika fungu hili la pili, ndiyo maana wananchi wengi humwona kuwa hawahusu. Sisi twaona kwamba anawahusu sana.

Ni kweli kwamba samaki huyu si mzaliwa wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1905 mlowezi Mwingereza, Ewart Grogan, alileta mayai yake kutoka Scotland, na trauti wakatiwa katika Mto Gura, Nyandarua. Baadaye akaja trauti wa upinde, ambaye asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Na mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikafungua kituo cha kuwazalisha huko Kiganjo, karibu na Nyeri. Walowezi walitaka kujifanyia Scotland ndogo penye Ikweta. Mwenyeji hakuulizwa. Tena kwa Wakikuyu wa siku zile samaki hakuwa chakula, basi mto ukajaa mali ambayo mwenye nchi hakuitamani, wala hakukaribishwa kuigusa.

Uvuvi wenyewe ni kazi ya saburi. Wavuvi wa Galilaya walitumia jarife. Huyu hutumia ufito mrefu, mshipi, na ndoano ndogo iliyovishwa manyoya na nyuzi hata ikafanana na mdudu. Mshipi hurushwa nyuma ukanyooka, kisha hurushwa mbele, na nzi huyo wa bandia akatua majini taratibu. Trauti hukaa akielekea mkondo unakotoka, akingoja maji yamletee riziki. Kwa hiyo mvuvi humjia kutoka nyuma, kimya, kivuli chake kisianguke majini. Mwenye kupiga kelele na arudi nyumbani akale maharagwe.

Na nzi hao hufungwa na nani? Kwa miaka mingi wamefungwa kwa mikono ya Wakenya, wanawake wengi miongoni mwao, kisha wakapelekwa kuuzwa Ulaya na Marekani. Huenda mvuvi wa Scotland leo ameshika ndoano iliyofungwa Kenya, ilhali kijana aliyezaliwa kando ya Gura hajapata kushika ufito. Hali hiyo haipendezi hata kidogo, maana kijana huyo ndiye angefaa kuwaongoza wageni wapandao mlima kuvua.

Lakini liko jambo kubwa kuliko fedha za wageni. Trauti hawezi maji ya moto. Joto likizidi kiasi cha nyuzi 20 za Sentigredi, hewa iliyomo majini hupungua naye hudhoofika. Hutaga katika changarawe safi. Na shamba likilimwa mpaka ukingoni, mvua huteremsha tope likafunika changarawe, mayai yakakosa hewa. Basi mahali anapotoweka, ama msitu umekatwa, ama ukingo umelimwa, ama maji yamevutwa kupita kiasi.

Na maji hayo si ya trauti peke yake. Gura huishia katika Tana, mto uzungushao mitambo ya umeme ya Masinga na mabwawa yaliyo chini yake. Naro Moru, Burguret na Nanyuki huingia katika Ewaso Ng'iro, utegemewao na wafugaji wa Samburu na Isiolo. Wakati wa kiangazi kikali mabomba na mifereji ya juu huvuta maji hata mfugaji wa chini, afikapo mtoni na ng'ombe wake, akakuta mchanga mtupu.

Sheria ya Maji ya mwaka 2002 iliwapa watumiaji wa maji nafasi ya kuunda vyama vyao, na katika mito hiyo viko vyama vinavyopanga zamu za maji wakati wa ukame. Kazi hiyo yaleta ugomvi, kwa kuwa kila mmoja huapa kwamba bomba lake ni dogo. Vyama hivyo vingefanya vema kuwapa vijana wachache ufito na mshipi. Kijana apandaye mto kila mwezi akivua ataweza kuonyesha kwa kidole trauti wamekomea wapi, na juu ya hapo ni bomba la nani lililo wazi.