Tiketi Mbili, Treni Moja: Kweli na Uongo kuhusu Nauli za Reli Uingereza

Wasafiri wazoefu wa reli za Uingereza wanalijua jambo hili, na wageni wengi hawajaambiwa. Safari ya London hadi Bristol inaweza kukugharimu pesa kidogo zaidi ukikata tiketi ya London hadi Didcot Parkway, kisha nyingine ya Didcot hadi Bristol, huku ukiwa umekaa kiti kilekile cha treni ileile. Maneno yanayolizunguka jambo hili ni mengi, na mengine ni ya kutishana tu. Wanafunzi, wauguzi na wazazi waliokwenda kuwatembelea watoto wao wanaendelea kulipa zaidi kwa sababu ya hofu isiyo na msingi. Tuyapime madai hayo.

“Huo ni ujanja wa kukwepa nauli. Ukikamatwa, faini.”

Si kweli. Masharti ya kusafiri kwa reli za Uingereza, National Rail Conditions of Travel, yanaruhusu waziwazi katika kifungu cha 14 kutumia tiketi mbili au zaidi kwa safari moja. Kila kilomita uliyosafiri umeilipia. Mkaguzi akifika behewani, mwonyeshe tiketi zote. Ameshaziona nyingi za namna hiyo.

Kama kuna kasoro, imo katika upangaji wa nauli. Treni ya SGR ya Tanzania ilipoanza kubeba abiria mwaka 2024, nauli ya treni ya kawaida ilikuwa shilingi 13,000 Dar es Salaam hadi Morogoro na shilingi 31,000 hadi Dodoma: ukienda mbali unalipa zaidi, karibu sawasawa na kilomita zenyewe. Uingereza haiko hivyo. Huko nauli hupangwa kati ya kituo na kituo, jozi kwa jozi, na kila njia ina historia yake tangu sheria ya mwaka 1993 ilipolivunja shirika la British Rail na kuwapa watu binafsi uendeshaji wa treni. Mwaka 2019 chama cha kampuni za reli, Rail Delivery Group, chenyewe kilizungumzia nauli zipatazo milioni 55. Katika msitu huo, kuna bei nyingi ambazo haziwiani na jirani zake.

Halafu kuna suala la saa. Tiketi ya Anytime inakuruhusu kupanda treni yoyote na ndiyo ghali. Ya Off-Peak ni nafuu lakini haitumiki saa za msongamano. Ukipanda treni London saa moja na nusu asubuhi kwa tiketi ya moja kwa moja, unatozwa bei ya msongamano kwa safari nzima, hata kwa sehemu ambayo treni inapita baadaye ikiwa nusu tupu. Ukiigawa safari, bei ya msongamano inabaki kwenye kipande cha kwanza tu. Ndiyo maana Didcot imekuwa ikitajwa kwa miaka mingi.

“Lazima ushuke kituo cha katikati, kisha upande tena.”

Si kweli, ila hapa pana sharti ambalo ukilisahau utaumia. Huna haja ya kunyanyuka kitini, lakini treni yenyewe ni lazima isimame kwenye kituo ambapo tiketi moja inakwisha na nyingine inaanza. Ikipita bila kusimama, tiketi zako haziungani, na unaweza kuhesabiwa kuwa msafiri asiye na tiketi halali. Tangu Januari 2023, adhabu ya namna hiyo England ni pauni 100 juu ya nauli yenyewe, na hupungua hadi pauni 50 ukilipa ndani ya siku 21.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, fungua ratiba ya treni hiyohiyo unayotaka kupanda na usome orodha ya vituo inavyosimama. Usiridhike kwamba reli inapita Didcot. Ziko treni za Bristol zinazopita pale bila kusimama, na ile ya nusu saa baadaye ikasimama. Anayesafiri na tiketi ya msimu au tiketi ya eneo zima ana nafuu: eneo lake linapoishia mahali tiketi ya pili inapoanzia, treni si lazima isimame hapo.

Ukiwa umewekewa nafasi za viti, angalia pia kama kila kipande kina kiti chake. Wakati mwingine utahama kiti mara treni inapoondoka kituo cha katikati. Usumbufu unaishia hapo.

“Treni ikichelewa, ukiwa na vipande hupati haki yoyote.”

Si kweli, na dai hili ndilo linalowagharimu watu zaidi, maana wengi hawaombi hata fidia wanayostahili. Tiketi zilizounganishwa kihalali huhesabiwa kuwa safari moja. Tuseme umefika Didcot kwa wakati, kisha treni ikakwama mbele na ukaingia Bristol umechelewa saa nzima na dakika kumi. Fidia ya mpango wa Delay Repay hupimwa kwa kuchelewa kufika mwisho wa safari, na huombwa kwa thamani ya tiketi zote za safari hiyo, si ile ya Didcot hadi Bristol peke yake. Ambatanisha zote unapojaza fomu.

Vivyo hivyo kwa tiketi ya Advance, ile nafuu inayokufunga kwenye treni moja tu. Kama treni ya kwanza ilichelewa na ukaikosa ya pili, na ulikuwa umejiachia muda wa kubadilisha treni unaotakiwa katika kituo hicho, unaruhusiwa kupanda inayofuata ya kampuni hiyo. Lakini ukiikosa kwa sababu ulikwenda kunywa kahawa, umeikosa.

“Ukigawa, lazima utaokoa.”

Si kweli. Njia nyingine bei yake ya moja kwa moja ndiyo nafuu, na kuongeza vipande hakuongezi chochote zaidi ya tiketi za kupoteza. ScotRail, kampuni ya treni za Scotland, imefuta bei za msongamano tangu tarehe 1 Septemba 2025, hivyo katika treni zake ile sababu ya saa haipo tena.

Wanafunzi wawe macho zaidi. Kadi ya 16-25 Railcard hupunguza theluthi ya nauli, lakini siku za kazi, kabla ya saa nne asubuhi, tiketi za Anytime na Off-Peak zina kima cha chini ambacho punguzo haliruhusiwi kukivuka, isipokuwa Julai na Agosti. Tiketi ya pauni 45 inashuka hadi pauni 30 hivi. Ukiigawa vipande vitatu vya pauni 12, punguzo halifanyi kazi kwa hata kimoja, na unalipa 36. Piga hesabu ukiwa umeshaiweka kadi ndani yake.

“Dirishani watakwambia wenyewe.”

Usitegemee. Ukiomba tiketi ya Bristol, utauziwa tiketi ya Bristol. Ukitaja vituo mwenyewe, mhudumu atakukatia vipande bila tatizo, na kwa mzee asiyetumia simu hiyo ndiyo njia bora: mwandikie vituo kwenye karatasi aende nayo.

Mtandaoni, tovuti kama TrainSplit na programu ya Trainline hutafuta migawanyo zenyewe. Baadhi ya wauzaji hawa hukata sehemu ya pesa ulizookoa, wengine hutoza ada. Ukishaoneshwa mahali pa kugawa, unaweza kwenda kwenye tovuti ya kampuni yoyote ya treni na kununua vipande hivyohivyo, maana kila kampuni huuza tiketi za nchi nzima. Usione haya kufanya hivyo.

Na simu yako iwe na chaji hadi mwisho wa safari. Tiketi zikiwa ndani yake nayo imezimika, mbele ya mkaguzi wewe ni mtu asiye na tiketi, uwe umenunua moja au tano.