Kuhama Nyumba ya Kupanga: Haki na Wajibu wa Mpangaji

Mizozo mingi kati ya wapangaji na wenye nyumba nchini Kenya huzuka wakati wa kuhama, na aghalabu huhusu amana iliyolipwa mpangaji alipoingia. Makala haya yanaeleza hatua ambazo mpangaji wa nyumba ya makazi anapaswa kuzifuata ili aondoke bila deni na arejeshewe fedha zake.

Ilani ya kuhama

Jambo la kwanza ni kusoma mkataba. Iwapo mkataba umetaja muda wa ilani, muda huo ndio unaofuatwa. Pale ambapo mkataba haukutaja, na kodi hulipwa kila mwezi, kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinataka ilani isiyopungua mwezi mmoja, na imalizike siku ambayo kodi hulipwa. Kwa mfano, mpangaji anayelipa kodi kila tarehe 1 akitoa ilani Aprili 20, ilani hiyo haitaisha Mei 20, bali Juni 1. Kwa hiyo kodi ya Mei yote ni wajibu wake. Sharti hili humfunga mwenye nyumba vilevile anapomtaka mpangaji aondoke.

Ilani itolewe kwa maandishi, na mpangaji abaki na nakala iliyotiwa sahihi na mwenye nyumba au wakala wake.

Amana si kodi ya mwezi wa mwisho

Wapangaji wengi huacha kulipa kodi ya mwezi wa mwisho wakitarajia amana iifidie. Isipokuwa mwenye nyumba amekubali kwa maandishi, huko ni kukiuka mkataba. Amana ni dhamana ya uharibifu na madeni, na ikishatumika kama kodi, mpangaji hubaki akidaiwa gharama za matengenezo.

Kwa upande mwingine, mpangaji hawajibiki kwa uchakavu wa kawaida. Rangi iliyofifia kwa miaka au sakafu iliyokwaruzika kwa kutembelewa ni uchakavu; kioo kilichovunjwa au sinki lililong'olewa ni uharibifu. Hata hivyo, iwapo mkataba unamtaka mpangaji apake rangi upya anapoondoka, sharti hilo litatekelezwa.

Mathalani, mpangaji aliyeweka amana ya Sh15,000 akiacha bili ya maji ya Sh800 na kitasa kilichovunjika cha Sh1,200, anastahili kurejeshewa Sh13,000. Ana haki ya kudai orodha ya makato hayo pamoja na stakabadhi.

Siku ya kukabidhi nyumba

Mpangaji anashauriwa:

- kukagua nyumba pamoja na mwenye nyumba au msimamizi, na wote watie sahihi orodha ya hali ya kila chumba;
- kupiga picha za vyumba na za mita za maji na umeme;
- kulipa bili zote na kuhifadhi ujumbe wa malipo ya simu;
- kukabidhi funguo zote na kuandikiwa kwamba zimepokelewa;
- kukubaliana kwa maandishi tarehe ya kurejeshewa amana, iwapo mkataba haukuitaja.

Mpangaji mwenye malimbikizo ya kodi hana budi kuyalipa. Hata hivyo, mwenye nyumba haruhusiwi kujichukulia vyombo vya mpangaji. Kukamata mali kwa ajili ya kodi ni kazi ya dalali mwenye leseni, kwa kufuata utaratibu wa sheria.

Mahali pa kuwasilisha malalamiko

Amana isiporejeshwa, mpangaji aandike barua ya madai yenye kiasi anachodai na tarehe ya mwisho ya kulipwa. Asipolipwa, anaweza kufika katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai ya fedha yasiyozidi Sh1 milioni. Mlalamishi anaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inaelekeza uamuzi utolewe ndani ya siku 60 tangu dai liwasilishwe. Nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi Sh2,500 kwa mwezi zina jopo lake maalumu chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba.

Katika mashauri haya ushahidi wa maandishi una uzito mkubwa. Mkataba, nakala ya ilani, picha na stakabadhi zihifadhiwe hadi amana itakapolipwa yote.