Meno Hayaleti Homa, Wala Ufizi wa Mtoto Haukatwi

Wakulima wenzangu, mwezi huu tuache kidogo habari za mbolea na kupe, tuzungumze juu ya mtoto anayeota meno.

Huku Busia na Malaba, na bila shaka katika skimu nyingi mliko ninyi, mambo huenda hivi. Mtoto amefika miezi sita au saba. Mate yanamtoka, anauma kila kitu, na usiku halali. Kisha siku moja mwili unakuwa moto na tumbo linaharisha. Nyanya anamfungua kinywa, anapitisha kidole juu ya ufizi, anaona uvimbe mweupe mahali pa chonge. Basi anasema, "Haya ni meno ya plastiki. Yasipotolewa mtoto atakufa."

Nyanya hasemi hivyo kwa ubaya. Ameona watoto wakifa kwa homa na kuhara, na ameuona uvimbe huo vinywani mwao. Lakini jogoo naye huwika kabla ya jua kutoka, wala si yeye alitoaye. Imani hii si ya Busia peke yake. Waganda huyaita meno hayo ebiino, na Tanzania huitwa meno ya nailoni.

Yafaa mjue uvimbe huo ni kitu gani. Ni jino la utotoni lenyewe, bado changa na laini, ambalo kwa kawaida hutokeza mtoto akiwa na umri wa kama mwaka mmoja na nusu. Mtoaji hulichimbua kwa kisu, au kwa spoki ya baiskeli iliyonolewa, kisha humwonyesha mama kitu cheupe kama funza. Mama huamini, maana amekiona kwa macho yake. Baada ya hapo mtoto aweza kutoka damu nyingi, au kupata usaha au pepopunda, na chombo kinachopita kinywa hadi kinywa chaweza kupeleka virusi vya Ukimwi. Wapo waliokufa. Hata apitaye salama, chini ya jino lile ipo mbegu ya jino la ukubwani, nayo huharibika. Nilipokuwa mwalimu niliona wanafunzi wenye pengo mahali pa chonge, na sikujua sababu yake mpaka baadaye.

Basi kwa nini homa huja wakati wa meno? Kwa sababu umri huo una mambo mengi. Kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama imepungua. Ameanza kutambaa na kutia kinywani kila aokotacho. Ameanza kula uji, na pengine maji yake ni ya mtoni. Na mbu wa nchi hii ya karibu na Ziwa Victoria hawamwachi. Meno huleta mate, hasira na ufizi kuuma. Joto likifika digrii 38, au akiharisha, tafuta ugonjwa mwingine.

Maumivu ya meno yenyewe hutulizwa nyumbani. Nawa mikono kwa sabuni, umsugue ufizi polepole kwa kidole. (Baba, ikiwa umetoka kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, mwachie mwingine kazi hiyo mpaka uoge na kubadili nguo.) Au chovya kitambaa safi katika maji yaliyochemshwa na kupozwa mtungini, umpe akitafune ukimtazama. Mpanguse mate kidevuni asipate vipele. Usimfunge shanga shingoni, wala usimpe kipande cha muwa au karoti mbichi, maana aweza kukabwa. Mnyonyeshe kila atakapo, mbebe, mwimbie. Baba pia ajua kubeba.

Dawa za kupaka ufizi na za maji zinazouzwa sokoni, ziache. Malaba ni mji wa malori, na dawa nyingine hufika kwenye vibanda bila mtu kujua zilikotoka. Mwaka 2008 huko Nigeria dawa ya maji ya kutuliza meno iliyoitwa My Pikin ilikutwa na sumu ndani yake, na watoto zaidi ya 80 walikufa. Wazazi wao walitaka tu walale usiku.

Mtoto akiwa na homa, mvue mablanketi, mpe maziwa ya mama mara nyingi, na umpeleke dispensari siku hiyo hiyo. Hapo watampima malaria kwa tone la damu. Akipewa dawa, azimalize zote hata akianza kucheza siku ya pili. Usimpe aspirini.

Mtoto akiharisha, hatari kubwa ni kukaukiwa na maji. Changanya paketi ya chumvi na sukari ya dispensari, yaani ORS, katika maji safi ya kiasi kile kile kilichoandikwa juu ya paketi, umnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10 uanze tena. Vidonge vya zinki hutolewa siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma. Wala usimnyime chakula. Wako wanaosema tumbo lipumzike, lakini tumbo la mtoto halina akiba.

Kifua nacho kina hesabu yake. Mtoto akiwa ametulia, tazama saa, uhesabu pumzi zake dakika nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, si mafua tu. Mpeleke upesi.

Usingoje asubuhi ikiwa hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea haamki vizuri, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, kinyesi kina damu, au macho yamedidimia. Na mtoto ambaye hajatimiza miezi miwili akipata homa yoyote, mpeleke mara moja. Alupe ipo, hospitali ya Busia ipo, na ninyi wa skimu mnaijua iliyo karibu nanyi. Inasemekana boda boda zilianza hapa mpakani, kuvusha watu kwa baiskeli. Basi baiskeli na pikipiki zetu zimpeleke mtoto kwa daktari, na spoki zibaki gurudumuni.

Mkienda, chukueni kijitabu cha kliniki. Mwulizeni muuguzi pia juu ya chanjo ya malaria, ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 2019 katika kaunti za upande wa ziwa, Busia ikiwa mojawapo. Huanza mtoto akiwa na miezi 6, yaani wakati ule ule meno ya kwanza yanapochungulia. Chandarua kiendelee kutumika hata baada ya sindano.